Hesabu ya gunia: mwanafunzi wa chuo na mutoto mumoja mbele yake

Jioni, wakati watu wanarudi kutoka ku kazi, mu nyumba nyingi za Kolwezi unaweza kukuta mwanafunzi wa chuo kikuu ameketi ku meza pamoja na mutoto mumoja. Daftari moja, kalamu moja. Wazazi wanamulipa kidogo kila mwezi kusudi afundishe hesabu.

Kwa nini kulipa tena? Tangu 2019 masomo ya primere ni bure mu shule za Serikali, na klasi zikajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi anaona kama jibu ni sawa ao si sawa. Kuuliza lilitoka wapi, hana wakati. Mwenye kufundisha mutoto mumoja iko na wakati huo. Faida yake yote iko pale.

Tuchukue mufano. Mutoto wa mwaka wa sita anaulizwa: gunia ni kilo 50, teneri ya shaba ni 8%. Shaba ni kilo ngapi? Anaandika 6,25.

Mwalimu mubaya anafuta na kuandika jibu lake. Muzuri anauliza:

— Unielezee, ulifanya namna gani?

— Nilikata 50 mara 8, yaya.

— Bon. Gunia ingekuwa kilo 100, shaba ingekuwa ngapi?

— Nane.

— Na 50 iko nini ya 100?

— Nusu... Aa! Iko kilo 4!

Muone vizuri: mwanafunzi hakutoa jibu hata moja. Alitafuta pahali mutoto alipotea: alizania 8% ni kukata mara 8. Kisha akamurudisha ku kitu anajua tayari, nusu. Kalamu ilibaki mu mukono wa mutoto. Kesho yake atamwambia: «Leo wewe njo mwalimu, unifundishe.» Mutoto akiweza kueleza, amejua. Akikwama, wanarudi pale alipokwama, bila makelele na bila kumuchekelea.

Sasa, mambo hayo inaangalia muchimbaji namna gani? Twende Musompo. Ku depo wanapima kilo, kisha Metorex inaonyesha teneri, na bei inafwata. Kama wanaandika 6 pahali pa 8, ile gunia ya kilo 50 inatoka ku kilo 4 za shaba mpaka 3. Ku magunia 20, ni kilo 20 za shaba zimepotea juu ya karatasi. Na wakitoa 10% sababu ya maji, kilo 50 inakuwa 45. Kwa teneri ya 8% inabaki kilo 3,6. Papa mwenye hajui kupiga ile hesabu anapokea tu kile wanamupatia. Mutoto mwenye anajua anaweza kuipiga pamoja naye, mbele ya kusaini.

Mu 1984 Benjamin Bloom, mwalimu wa chuo kikuu cha Chicago, aliandika kwamba watoto wenye kufundishwa mumoja-mumoja walipita mbali wenzao wa klasi. Watafiti wa nyuma walipata faida ndogo kuliko yake, lakini faida iko.

Hauna franga za kulipa mwanafunzi? Usiku wa leo chukua karatasi yako ya depo, uite mutoto, umuulize: «Hapa walifanya namna gani?» Kisha unyamaze, umusikilize mpaka mwisho.