Je, Wajua? Shaba Husaidia Kuchora kwa Moto
Sanaa ya kuchora mbao kwa moto inaweza kunufaika na shaba, metali inayochimbwa karibu na eneo la Kapata, mjini Kolwezi. Shaba hupitisha joto takriban mara 5 zaidi ya chuma, ndiyo maana imo ndani ya ncha nyingi za vifaa vya umeme vya kulehemu nyaya. Anayeanza anaweza kutumia kifaa cha aina hiyo kuchorea. Ubao mkavu, wenye rangi nyepesi na nyuzi laini, hufaa zaidi. Husuguliwa kwa msasa, kisha mchoro hutangulizwa kwa penseli. Ncha ikipita polepole, mstari hukolea. Ikipita haraka, huwa hafifu. Ubao uliopakwa rangi au dawa usichomwe, kwani moshi wake una sumu. Kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.