Keria Tupu Nayo Inakunywa Mafuta

Kaka yangu ana Noah anayoitumia kwa safari za Dar na Morogoro. Mwaka jana alifunga spoila nyuma, kwa sababu fundi alimwambia "itakata upepo, wese litapungua". Nilipoenda kuiona, jicho langu halikutua kwenye spoila. Lilitua kwenye keria iliyokuwa juu ya paa, tupu, tangu alipopeleka mizigo kijijini wakati wa Krismasi.

Kama na wewe unafikiria kurekebisha gari lako ili lipunguze mafuta, kaa kidogo tuongee kabla hujatoa hela.

Upepo unakudai kiasi gani?

Gari likitembea kwa mwendo usiobadilika, barabara ikiwa tambarare, injini inapambana na wapinzani wawili wakubwa: matairi yanayojikunja barabarani, na hewa. Kazi ya matairi haibadiliki sana ukiongeza spidi. Hewa ndiyo yenye visa. Ukizidisha spidi mara mbili, nguvu yake ya kukurudisha nyuma inaongezeka mara nne.

Tupige hesabu. Chukua gari la kawaida la kilo 1,400. Kwa 50 km/h hewa inalirudisha nyuma kwa nyutoni kama 80, na matairi kama 165. Kwa 100 km/h matairi yako palepale, lakini hewa imefika nyutoni kama 325. Yaani mjini hewa ni mpinzani mdogo, ila barabara kuu inabeba theluthi mbili za mzigo wote.

Somo la kwanza ni hilo. Kama gari lako linaishi kwenye foleni, spoila haitakusaidia kitu. Huko mafuta yanaishia kwenye kusimama, kuondoka na kusimama tena. Marekebisho ya upepo ni ya watu wa safari ndefu.

Boksi la viatu la NASA

Mwaka 1973 Edwin Saltzman, mhandisi wa kituo cha NASA cha majaribio ya ndege huko Edwards, California, alikuwa akiendesha baiskeli. Malori yalipompita alihisi upepo ukimsukuma pembeni, halafu lori likishapita, upepo ukimvuta kulifuata. Wengi wetu tumeshapitia hilo pembeni mwa barabara. Tofauti ni kwamba yeye alijiuliza: nguvu ya kunisukuma na kunivuta hivi, nani anailipia? Jibu ni tenki la lori.

Yeye na wenzake wakachukua gari dogo la mizigo, wakalivika mabati ya alumini mpaka likawa kama boksi la viatu, pembe zote kali. Wakalipima. Kisha wakaviringisha pembe za wima, mbele na nyuma: ukinzani wa hewa ukashuka kwa asilimia 40. Walipoviringisha na pembe za mlalo, ukashuka kwa asilimia 54. Nafasi ya ndani iliyopotea ni asilimia 3 tu.

Kwa nini pembe tu zilete tofauti kubwa hivyo? Hewa inapenda kuteleza ikifuata umbo la gari. Ikikutana na kona kali inashindwa kukata kona, inaachana na bodi na kuanza kuzunguka ovyo. Nyuma ya gari panabaki eneo lenye mgandamizo mdogo, nalo linalivuta gari kurudi lilikotoka. Kwa hiyo unapunguza mafuta kwa kuisaidia hewa iungane tena taratibu nyuma ya gari. "Kukata upepo" kwa mbele ni nusu tu ya habari.

Sasa ufanye nini?

Anza kwa kutoa, si kwa kuongeza. Keria ni vyuma vya mviringo vilivyosimama katikati ya hewa inayokimbia, na kila kimoja kinaivuruga. Ile filimbi unayoisikia ukivuka 80 ndiyo hewa ikivurugika. Huna mzigo? Ishushe.

Spoila inaweza kusaidia ikiwa imechongwa kuirefusha paa taratibu, ili hewa iachane na gari ikiwa imetulia. Ile iliyosimama wima kama bawa imetengenezwa kuyakandamiza matairi ya nyuma kwenye mbio za magari. Kwenye gari lako itaongeza ukinzani.

Kufunika chini ya gari kunasaidia kweli, maana huko kuna vyuma vingi vilivyojitokeza. Ila usiweke plastiki karibu na bomba la moshi, utachoma gari. Vilevile usizibe ovyo matundu ya mbele yanayopeleka hewa kwenye rejeta. Kwa joto letu, utaokoa lita mbili kisha ununue injini.

Halafu kuna rekebisho ambalo halina fundi: mguu wako. Kushuka kutoka 100 hadi 80 km/h kunapunguza nguvu ya hewa kwa asilimia 36. Kwa kilomita 190 utachelewa kama nusu saa tu, tena ikiwa barabara ni nyeupe.

Usiniamini mimi, pima

Tafuta barabara tambarare, iliyonyooka, isiyo na magari, siku isiyo na upepo. Fika 80 km/h, weka gia huru bila kuzima injini (ukiizima, breki na usukani vitakuwa vigumu), na abiria apime sekunde za kushuka hadi 60. Rudia ukitokea upande wa pili, kisha tafuta wastani. Fanya hivyo keria ikiwepo, halafu ikiwa imetolewa. Sekunde zikiongezeka, hewa imekuachia. Hata wale wa NASA walilipima boksi lao hivyohivyo, kwa kuliacha liteleze lenyewe.

Kaka ameshusha keria. Spoila bado ipo, anasema inapendeza, na hapo sina hoja. Ila kabla fundi hajafunga kitu kingine chochote, tumekubaliana kitu kimoja: kwanza saa ya kupimia, ndipo pochi.