Sitara ya Ayala

Wenye mashamba katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, wapendao kuwaona ayala wakikaa kwenye ardhi yao, aghalabu huanza kwa kuwalimia konde la mahindi, wakidhani kwamba mnyama hufuata riziki tu. Kumbe ayala mwenye mkia mweupe, apendaye kukaa pale msitu unapopakana na uwanda, hutafuta kwanza sitara, yaani kichaka kilichosongamana kiasi cha kumficha mchana anapolala akicheua, na kumkinga na upepo wa theluji. Mwanawe naye, ambaye katika majuma ya mwanzo hana mbio za kumwokoa, hujilaza kimya majanini, karibu hana harufu, na mama huja mara chache kwa siku kumnyonyesha, kisha huenda zake asije akamfichua kwa adui.

Na hayo mahindi yana hatari yake. Tumbo la ayala lina vyumba vinne kama la ng'ombe, na vijidudu viishivyo humo, wakati wa baridi kali, huwa vimezoea kumeng'enya vijiti na macho ya matawi. Akimwagiwa nafaka ghafla tumbo huchacha, na huenda akafa naye ameshiba. Kichaka humpa sitara na chakula akizoeacho kwa pamoja.

Lakini kichaka gani? Wataalamu husisitiza vile vya asili ya nchi, na msisitizo huo umetokana na majuto, kwa kuwa tangu miaka ya 1930 idara za serikali ziliwahimiza wakulima kupanda waridi mwitu la Japani, liwe ua wa mifugo na maskani ya ndege. Ndege wakala tunda, wakasambaza mbegu, na leo sheria za majimbo kadhaa, Pennsylvania ikiwamo, zinalihesabu waridi hilo kuwa gugu la kudhuru.

Kwenye bonde lenye unyevu hapana kishindacho kichaka cha matawi mekundu kiitwacho dogwudi, ambacho vipande vyake, vikikatwa kabla ya kuchipua na kuchomekwa udongoni, hutoa mizizi bila taabu. Penye mwinuko hufaa mhezeli wa Kimarekani, uotao mashina mengi kutoka kitako kimoja na kuzaa kokwa. Mimi ningetanguliza mplamu mwitu, japo wengi huuchukia kwa miiba yake, maana mizizi yake hutoa machipukizi pande zote, na baada ya miaka michache huwa chaka ambalo mbwa hujiuliza mara mbili kabla ya kuliingia. Vyote vitatu vina sifa moja kubwa: vikiliwa, huchipua tena.

Sifa hiyo ni ya lazima, kwa sababu adui wa kwanza wa miche ni ayala mwenyewe. Jimbo hili, ambalo mnamo 1906 lilianza kuleta ayala kutoka majimbo mengine kwa vile wa kwake walikuwa karibu wamekwisha kwa bunduki, leo linao wengi hata pengine msitu hushindwa kujizalisha. Ayala hana meno ya mbele katika taya la juu. Hulibana tawi kati ya meno ya chini na ufizi mgumu, akalivuta mpaka likakatika, na ncha yake hubaki imechanika, hali sungura hulikata mshazari, safi, kama kwa kisu. Mwenye kukagua miche yake asubuhi humjua mwizi pasipo kuhitaji shahidi.

Basi miche ipandwe mara ardhi inapoyeyuka, mizizi isiachwe ikakauka hata kwa saa moja, nyasi za kandoni zing'olewe, na ipandwe kwa mafungu, mche na mche mita 2 hivi, wala si kwa mistari iliyonyooka ya bustani. Fungu lizungushiwe wavu wa kimo cha mita 2.4, kwani pungufu ya hapo ayala huruka. Vichaka vikishakomaa, wavu uondolewe. Na kwa kuwa mnyama hafikii matawi yaliyopita mita 1.8 hivi, kila baada ya miaka michache sehemu ya mashina ikatwe chini wakati wa baridi, na matawi yaliyoanguka yaachwe hapo hapo, maana macho yote ya matawi hayo sasa yamemfikia ayala mdomoni.