Mgongo unauma? Jua kwanza figo zako ziko wapi

Bodaboda wa Mjimwema, iwe ile ya Njombe mjini au ya Makambako, akishinda kutwa kwenye pikipiki na baridi ya Juni, jioni mgongo unakaza. Wengi husema, "Hizi ni figo tu," kisha wanapita duka la dawa kuchukua diklofenaki. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Figo ziko wapi?

Una figo mbili, kila moja kama ngumi yako, gramu 150 hivi. Zipo nyuma ya tumbo, pande mbili za uti wa mgongo, na sehemu ya juu imekingwa na mbavu za mwisho. Ya kulia iko chini kidogo kwa sababu juu yake kuna ini.

Ndiyo maana maumivu ya figo huja ubavuni, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, na huweza kushuka hadi kwenye kinena. Yanaweza kuja na homa, kutapika au mkojo wenye damu. Ukiona hivyo, nenda hospitali. Maumivu ya kiunoni yanayozidi ukiinama au ukibeba mzigo, mara nyingi ni misuli na mifupa.

Kwa nini dawa ni hatari?

Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja. Kwa siku figo zote mbili huchuja lita 180 hivi, karibu yote hurudi mwilini, na lita moja au mbili hutoka kama mkojo.

Kazi hiyo inahitaji damu ya kutosha. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye vichujio. Ukizimeza kila siku, maji hunywi kwa sababu ya baridi, na una presha au kisukari, unaziumiza figo ambazo hazikuwa na shida.

Ubaya ni kwamba figo zikifa taratibu haziumi. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi umeshachelewa.

Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Lakini lazima apatikane mtu wa kukutolea. La sivyo, ni kusafishwa damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki.

Kwa hiyo kabla ya kununua dawa nyingine, pima presha, sukari, protini kwenye mkojo na kriatinini kwenye damu. Hicho ndicho kitakuambia kama ni figo, siyo mgongo.