"Nitafanya kesho": kuahirisha si uvivu

Mwezi Juni, maharagwe yakiwa yamevunwa na hela ya kahawa imeanza kuingia, muulize mkulima wa vilima vya Gitega au Muyinga, Burundi, kama atatia mbolea mvua za Septemba zikianza. Atakwambia atatia, na hasemi uongo. Septemba ikifika, hela ilishaishia kwenye harusi, mabati na madaftari ya watoto.

Majirani watamwita mvivu. Mimi siamini hivyo, na ushahidi ninaoutegemea umetoka papa hapa Afrika Mashariki. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuatilia wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Karibu wote walisema wangetumia mbolea msimu uliofuata, lakini waliotimiza walizidi theluthi moja kidogo tu. Watafiti wakajaribu jambo dogo: wakati wa mavuno, mkulima angali na hela, mtu alimfuata nyumbani akamuuzia hati ya mbolea kwa bei ileile ya dukani, kisha mbolea akaletewa bure. Matumizi yakapanda kwa asilimia 47 hadi 70. Kupunguza bei kwa nusu wakati wa kutia mbolea kulileta matokeo yanayokaribiana na hayo.

Akili ya binadamu huipa leo uzito kupita kiasi. Taabu ya kwenda dukani leo inaonekana kubwa, faida ya mavuno yajayo inaonekana ndogo, na kila mmoja wetu huamini kwamba kesho atakuwa na ari zaidi.

Kuna hofu pia. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha aghalabu anakimbia hisia inayomuumiza. Mama amegusa uvimbe kwenye titi. Kila asubuhi anapanga kwenda kituo cha afya, na kila asubuhi anapata kazi nyingine. Akishaamua kwamba haendi leo, moyo unatulia, na utulivu huo ndio unaoufundisha ubongo kuahirisha tena kesho yake. Uvimbe nao haungoji. Ukimkaripia mtu huyu, unamwongezea kile kile anachokikimbia. Huko Kanada, utafiti wa mwaka 2010 uligundua kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuchelewa huko mtihani wa pili ulipokaribia.

Kinachosaidia ni mpango wenye siku na mahali. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeutafiti kwa miaka mingi, angemshauri mama yule aseme: "Jumatano nikitoka sokoni, napitia kituo cha afya na dada yangu."

Kwa upande wa hela, vikundi vya kuweka na kukopa vina sanduku la makufuli matatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, kwa hiyo hakuna anayelifungua peke yake kwa tamaa ya siku moja. Mpango wa taifa wa mbolea ya ruzuku, ulioanza Burundi mwaka 2012, nao humtaka mkulima atoe malipo ya awali kabla ya msimu, kisha amalizie salio. Utaratibu huo ni mzuri iwapo siku za kulipa zinafuata mavuno na mbolea inafika kabla ya mvua. Aliyelipa mapema akapanda bila mbolea, mwaka unaofuata ana sababu ya haki ya kusitasita.