Moshi wa gari kuukuu utibiwe, usifichwe



Ndugu msomaji, leo safu yetu ya afya inaingia gereji. Usishangae. Hapa Urambo msimu wa masoko ya tumbaku ukifika, malori ya zamani hufufuliwa, na ukaguzi wa magari ukitangazwa, wenye nayo hukimbilia kwa mafundi. Wengi huuliza swali moja tu: nifanyeje lipite? Jibu la swali hilo linaihusu zahanati kama linavyoihusu gereji.

Mzee mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka mitano, kifua kinapiga filimbi. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nikamuuliza habari za kuni za jikoni, ubani chumbani, moshi wa mabani ya tumbaku. Vyote havikutosha kueleza kwa nini pumu ya mtoto inamzidi alfajiri. Mwisho ikajulikana kuwa lori la familia hulala uani, na kabla ya adhana huwashwa likaachwa linguruma karibu nusu saa ili breki zijae upepo. Ekzosi inaelekea dirisha la chumba cha watoto.

“Lakini tabibu,” akasema, “lori lile lilipita ukaguzi.” Lilipitaje? Fundi alikaza skrubu ya pampu ya dizeli ili mafuta yapungue, moshi ukatoweka. Jioni yake akailegeza, maana likibeba tumbaku halikuwa na nguvu ya kupanda kilima. Ni sawa na mimi kumpa mgonjwa wa malaria panadoli ili homa ishuke apite getini, kisha nimwache arudi na vijidudu vyake nyumbani.

Moshi wa dizeli una chembe ndogo mno za masizi. Pua na koo havizizuii, zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huamsha pumu na kuuchosha moyo. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile la moshi wa sigara. Mtoto anaumia zaidi kwa sababu anapumua haraka, na kimo chake kinamweka karibu na ekzosi.

Sasa tutazame gari kama tunavyomtazama mgonjwa, kwa dalili zake.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Gari linalokwenda Usoke, Vumilia au Songambele kwa njia za vumbi wakati wa kiangazi huziba chujio la hewa mapema sana kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Lifungue, litazame kwenye mwanga wa jua. Kama ni la karatasi, lipulizwe kwa upepo mwepesi kutoka ndani kwenda nje, na likichoka linunuliwe jingine. Kulisafisha kwa petroli ni kuliharibu. Land Rover za zamani zenye chujio la bakuli la oili, mwaga oili yenye tope na uweke safi. Kazi hii ni ya bei ndogo kuliko zote, na nimeona gari likibadilika siku hiyo hiyo. Moshi ukibaki, ndipo nozeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine. Nozeli iliyochoka badala ya kunyunyiza dizeli kama ukungu inaidondosha kama bomba bovu, nayo haiungui vizuri. Baada ya hapo ndiyo pampu, naye aishike fundi mwenye kipimo. Anayepima kwa sikio tu mpishe.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Utaona kila wiki unaongeza oili na chini ya gari hakuna tone. Ringi za pistoni zimekwisha, au mipira ya valvu, au tabo. Hapa hakuna dawa rahisi. Injini lazima ifunguliwe. Wapo wanaotia oili nzito ili moshi upungue siku ya kuuza. Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, na namna alivyomkemea muuzaji. Oili nzito kwenye injini mbovu ni maji chini ya nafaka.

Moshi mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi ya Juni au Julai ni mvuke, usikupe hofu. Ukiendelea injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Ukinuka dizeli mbichi, rudi kwenye nozeli na mpangilio wa pampu.

Magari madogo ya petroli yana habari yake. Yenye kabureta yanataka plagi safi na mchanganyiko uliopimwa. Mengi yaliyofuata yana kifaa kwenye ekzosi ambacho mafundi hukiita sega, kwa kuwa ndani kina vitundu kama sega la asali. Watu wa Tabora hatuhitaji kuelezwa sega ni nini. Madini yaliyopakwa humo huigeuza hewa yenye sumu kabla haijatoka nje. Madini hayo yana thamani, ndiyo maana wapo wanaoling'oa na kukuuzia maneno kwamba gari litakuwa jepesi. Zamani risasi iliyokuwa ndani ya petroli ingeliua sega hilo, mbali na kudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006.

Dizeli nayo imeboreshwa. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi chembe 50 katika kila milioni. Ila wema huo unapotea ukinunua dizeli ya kwenye madumu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huo ulisumbua sana hadi EWURA ikaanza kuyawekea mafuta alama mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu. Unaokoa shilingi leo, unanunua pampu kesho.

Siku ya kupimwa, usilipeleke gari likiwa baridi. Liendeshe kwanza nusu saa hivi, injini ipate moto wake kamili. Huo si ujanja, ndivyo kipimo kinavyotaka. La dizeli huwekwa gia huru, mafuta hukanyagwa haraka mara kadhaa, na mashine hutazama moshi unazuia mwanga kiasi gani. La petroli huingizwa mrija kwenye ekzosi. Pasipo mashine mkaguzi hutumia macho yake. Hakikisha pia ekzosi haina tundu, kwa sababu tundu ni hatari kuliko moshi wenyewe.

Hatari hiyo ni hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inapanda kupitia sakafu iliyotoboka hadi kwa watoto waliolala kiti cha nyuma, mama anadhani ni uchovu wa safari. Mkiumwa kichwa na kichefuchefu nyote garini, na mkishuka mnapata nafuu, msipande tena. Aliyezimia atolewe penye hewa safi na akimbizwe hospitali awekewe oksijeni. Maziwa hayasaidii kitu hapa, tena kumnywesha aliyezimia ni kumpalia.

Lori la yule mzee lilibadilishiwa chujio na nozeli mbili. Sasa linalala nje ya ua, ekzosi ikitazama barabarani, na likishapata upepo wa breki linaondoka. Mjukuu hajaletwa usiku tangu wakati huo, alhamdulillah, ila dawa yake ya kuvuta anaendelea nayo, na nilimsisitiza babu asimwachishe bila kuja kwanza zahanati.