Maoni ya Wasomaji na Kazi ya Mhakiki: Mfano wa Riwaya ya Redeeming Love

Ukitaka kujua kama darasa lako limejifunza kuhakiki, mwalimu msomaji, usianze na vitabu teule. Huko wanafunzi wamekwisha kukariri sifa za wahusika kutoka kwenye miongozo. Waulize juu ya kitabu wanachokisoma bila kuamrishwa na mtu. Kwa wasomaji wengi wa Kikristo, kimoja cha vitabu hivyo ni Redeeming Love cha Francine Rivers. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maswali kinachoyazua ni yale yale tunayoyafundisha katika somo letu la fasihi.

Hii ni riwaya pendwa. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, kisha mwaka wa 1997 mwandishi akaichapisha upya kwa wasomaji wa Kikristo baada ya kupunguza lugha kali na maelezo ya chumbani. Filamu yake ilionyeshwa mwaka wa 2022. Mandhari ni California mwaka wa 1850, miaka miwili baada ya dhahabu kugunduliwa Coloma. Wakati huo zaidi ya watu 9 kati ya kila 10 waliohesabiwa huko walikuwa wanaume, na madanguro yalifuata migodi. Angel aliuzwa kwenye biashara hiyo akiwa mtoto wa miaka minane. Michael Hosea, mkulima, anaisikia sauti ya Mungu ikimwambia amwoe. Anamwoa, Angel anatoroka, Michael anamfuata na kumrudisha, anatoroka tena. Jina la ukoo la Michael linakwambia mara moja chanzo cha kisa: Nabii Hosea na mkewe Gomeri, ambaye nabii alimkomboa kwa vipande kumi na vitano vya fedha na kiasi cha shayiri.

Maoni ya wasomaji juu ya kitabu hiki hayakutani katikati. Wapo wanaosema kiliwafunza msamaha kuliko mahubiri yoyote waliyowahi kuyasikia, na kwamba walilia walipokisoma. Wapo wanaosema Michael anaogofya: anamchukua mwanamke asiyeweza kukataa, anampeleka shambani mbali na watu na kukataa kumwachilia. Kundi la tatu, nalo si dogo, hulalamika kwamba kitabu cha dini hakifai kuwa na mambo ya kitandani kiasi hicho, hata baada ya kupunguzwa.

Mwanafunzi akisema mojawapo ya maoni haya darasani, sisi walimu huwa tuna haraka ya kuamua. Tukiwa tumeokoka tunamwambia yule wa pili kwamba hakuelewa. Tukiwa tumesoma uhakiki wa kifeministi tunamcheka yule wa kwanza. Nadhani tunakosea kotekote. Nadharia ya upokezi, ambayo Wafula na Njogu wameieleza katika Nadharia za Uhakiki wa Fasihi (2007), haisemi kwamba kila maoni ni sawa. Inatutaka tuulize msomaji alikuja na matarajio gani, na matini ilimfanyia nini.

Hapa matarajio ni mawili. Msomaji wa kwanza anaisoma riwaya kama istiara iliyorefushwa: mume ni Mungu, mke ni taifa linalotangatanga. Katika istiara hiyo kumfuata anayekimbia ni rehema, maana Mungu hawezi kumdhuru. Msomaji wa pili anaisoma kwa jicho la uhalisia. Kwake Michael ni mwanamume mwenye shamba, hasira na nguvu za mikono, na Angel ni binti aliyenunuliwa na wanaume tangu utotoni ambaye sasa mwanamume mwingine anamwambia ni wake. Kila mmoja ana ushahidi, kwa kuwa Rivers aliandika mambo yote mawili kwa pamoja. Alimpa Michael kazi ya Mungu, kisha akamvika mwili wa mtu.

Tazama tukio la ndoa yenyewe. Angel amepigwa na mlinzi wa danguro hadi hajiwezi. Michael anamwomba amwoe, naye anaitikia kama mtu asiyejali, nusu ana fahamu, nusu hana. Hapa ndipo ningemsimamisha mwanafunzi. Ikiwa ni istiara, tukio linasimama vizuri sana: neema humfikia mtu kabla hajaweza kuiomba. Ikiwa ni uhalisia, hiyo si ridhaa. Usimwache mwanafunzi aruke tukio hili na kwenda kuandika kwamba Michael ni mvumilivu, mwenye upendo na mcha Mungu. Orodha za sifa za aina hiyo, tulizozizoea kwa ajili ya Karatasi ya Tatu, ndizo zinazoua uhakiki.

Baada ya hapo mwelekeze kwenye usimulizi. Riwaya inasimuliwa katika nafsi ya tatu, na msimulizi anaingia katika mawazo ya Angel na ya Michael. Aidha, sauti ya Mungu inasikika ndani ya matini na kuchapishwa kwa herufi za pekee. Maana yake ni kwamba msimulizi anamdhamini Michael. Hatuachiwi nafasi ya kushuku kwamba huenda mtu huyu alijiambia mwenyewe alichotaka kukisikia. Msomaji anayeukubali udhamini huo haoni haja ya kuuliza Angel anataka nini. Asiyeukubali hana swali jingine ila hilo. Ukilifikisha darasa lako hapa, ugomvi wa bweni umekuwa mjadala wa mbinu za usimulizi.

Kuhusu lile kundi la tatu, sitasema mengi. Malalamiko yao tunayajua. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971, ilizuiwa shuleni Tanzania kwa sababu hizo hizo. Ila kuiweka riwaya hiyo kando ya Redeeming Love kunafaa kwa jambo jingine. Rosa naye ana dini, ana baba aliyemharibia njia, na jamii imempachika jina la malaya. Lakini mchumba wake anamkataa na Rosa anajiua. Kezilahabi hakumletea mkombozi. Mwanafunzi aliyeudhiwa na Michael na aulizwe kama anapendelea mwisho wa Rosa. Aliyempenda Michael na aulizwe kwa nini wanaume wanaomzunguka Rosa hawakupewa sauti yoyote ya kuwaongoza.

Kuna pengo moja ambalo pande zote hulipita. Riwaya inaitwa ya kihistoria, na shamba la Michael linachorwa kama bustani ya Edeni inayosubiri jembe. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa California walikuwa takriban 150,000 mwaka wa 1848; kufikia mwaka wa 1870 walikadiriwa kuwa 30,000 hivi. Sheria ya mwaka wa 1850, mwaka ule ule wa hadithi, iliruhusu wafungwe kazi kwa lazima, watoto wao wakiwemo. Katika kisa cha binti aliyeuzwa, hawa nao waliuzwa nje ya ukurasa. Msomaji wa Kenya, aliyekulia kwenye habari za walowezi na Nyanda za Juu, ana sababu ya kuliona pengo hili kabla ya wengine. Simlaumu Rivers kwa kutoandika riwaya nyingine; nasema tu kwamba neno kihistoria linapaswa kupimwa.

Ukiwa na kipindi kimoja tu, kitumie kwa majina. Angel ni jina la danguroni. Michael hapendi kumwita hivyo, na kila mara humpa jina jingine alitakalo yeye: Mara, lenye uchungu wa kitabu cha Ruthu, Amanda, Tirza wa Wimbo Ulio Bora. Jina lake halisi ni Sarah. Msomaji amelijua tangu sura za utotoni, lakini Michael halijui, licha ya sauti zote anazozisikia. Hadithi inapokaribia kuisha, Angel anaondoka kwa mara ya mwisho, na safari hii Michael hamfuati. Anakaa San Francisco, anafungua nyumba ya wasichana waliotoka katika maisha kama yake, kisha anarudi shambani kwa miguu yake na kulitamka jina hilo mwenyewe. Wape wanafunzi sehemu hiyo, uwaulize ni nani aliyemkomboa nani, na wataje mstari wanaoutegemea.